Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Stesheni Kuu ya Dar es Salaam: Stesheni ya zamani ibaki kuwa stesheni

Ndugu viongozi mliokabidhiwa reli na stesheni zake,

Shikamooni mlionizidi umri, na nyinyi wengine habari za kazi.

Juzi jioni nilisimama pale Gerezani, watu wakishuka kwenye mwendokasi na kila mmoja kushika njia yake. Mbele yangu ilikuwa stesheni mpya ya treni ya umeme, ile iliyopewa jina la Hayati John Pombe Magufuli, vioo vyake vimekatwa kwa pembepembe kama jiwe la tanzanaiti. Jirani yake, stesheni ya zamani ya reli ya mita moja, ile ya kale ambayo upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja. Vijana wawili wenye mabegi mgongoni wakanisogelea. "Shikamoo mama, stesheni iko wapi?" Nikawaonyesha ile mpya, maana ndiyo waliyoitaka. Walipokwisha kwenda nikabaki na swali lao. Tangu nilijue jiji hili, neno "stesheni" lilikuwa na maana moja. Kondakta wa daladala alilitamka peke yake na kila mtu akajua pa kushukia. Leo linahitaji maelezo.

Nina ombi moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: stesheni ya zamani ibaki kuwa stesheni. Isigeuzwe maegesho ya magari wala ukumbi wa sherehe. Isiwe jengo la kupakwa rangi watu wapige picha, huku treni zake zikisukumwa pembezoni mwa jiji. Iwe na abiria, iwe na dirisha la tikiti na saa ya kuondoka, na iungane na ile mpya mpaka msafiri aone kwamba hii ni stesheni moja yenye milango miwili.

Sisemi haya kwa kinyongo. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma tarehe 25 Julai mwaka uleule, nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Mama yangu nilimkatia tikiti ya Dodoma ya daraja la kawaida, shilingi 31,000, nikamkalisha dirishani. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, nilikuwa bado natafuta pa kuweka kikapu changu, nasikia tumefika Morogoro." Mtu aliyezoea kupoteza siku nzima barabarani kati ya Dar es Salaam na Dodoma anajua thamani ya treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa. Waliojenga, walioendesha mitambo na walioweka saini, wote nawashukuru.

Ila mama haishi Dodoma. Anaishi kando ya reli upande wa Malongwe, kabla hujafika Tabora, pale pale baba alipomleta akiwa mwali. Treni ya umeme ikimshusha Dodoma, bado ana safari nyingine ya kumfikisha mlangoni kwake, na safari hiyo ni ya reli ya mita moja. Na hayuko peke yake. Hesabuni wenyewe: Kidete, Gulwe, Saranda, Itigi, Goweko, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza. Kuna mahali humo ambapo masika yakikolea barabara inakuwa tope, na kinachobaki ni honi ya treni.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa mtu wa genge, wale wanaoamka kabla ya jua na kuitembea njia kwa miguu, nyundo begani na spana mkononi, wakitazama taruma baada ya taruma kama kuna msumari uliolegea. Sehemu yake ilikuwa kilomita chache tu. Aliijua kama mtu anavyolijua shamba lake: wapi maji hujikusanya, wapi udongo unameguka, wapi chuma hulia jua likiwa kali. Treni ya abiria ikipita alisimama wima pembeni, bendera ya kijani mkononi, na sisi watoto tukipunga mikono nyuma yake. Hakuwahi kumjua abiria hata mmoja mle ndani, lakini alikuwa akisema, "Wale wote wamelala kwa sababu mimi niko macho."

Mwaka 1986 ndipo nilipoiona Stesheni ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Tulikuja na mama na mdogo wangu aliyekuwa anaumwa macho, kwa pasi ya familia ya baba. Tulifika usiku. Mjomba aliyetakiwa kutupokea alikuwa safarini, na sisi hatukumjua mtu mwingine jijini. Hamali mmoja mzee, aliyevaa kanzu iliyofifia, alituona tumejikunyata na masanduku yetu. Akaja na mkeka na birika la chai ya tangawizi, akatuambia tusitoke nje mpaka kuche. Tukalala palepale, sisi na familia nyingine nyingi, sakafuni, chini ya taa ambazo hazikuzimwa. Alfajiri upepo wa bandarini ukaingia, nikanusa bahari kabla sijaiona. Jina la yule mzee sikulijua hata leo. Nikisema stesheni hii ililea watu, ndiyo maana yangu.

Hebu tukumbushane ilikotoka, kwa kuwa kitu kisichojulikana asili yake ni rahisi kukibomoa.

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilishuka pwani mabegani mwa watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kwa miezi kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu, na kwenye njia hizohizo watumwa walipitishwa wamefungwa minyororo. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea bara, mwaka uleule ambao kusini Vita vya Maji Maji viliwaka. Mwaka 1907 ikafika Morogoro, 1910 Dodoma, 1912 Tabora, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, karibu kilomita 1,250 kutoka hapa. Ndipo usemi ulipozaliwa ambao hata mtoto anaujua: Kigoma, mwisho wa reli. Walioichimba na kuibeba reli hiyo walikuwa maelfu ya watu wa nchi hii, wengine kwa ujira mdogo, wengine kwa kulazimishwa. Faida ilikusudiwa iende kwa wakoloni. Jasho lilikuwa la kwetu, na ndiyo sababu nasema reli hii ni urithi wetu na si masalia yao.

Kuna habari moja inayonisisimua kila ninapoisimulia. Meli ya Liemba, ile ambayo watu wa Kigoma na Kasanga wameisafiria vizazi na vizazi, ilipita Dar es Salaam ikiwa vipandevipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa yote, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari mpaka bandari hii, kisha ikapandishwa reli kwenda Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Meli nzima imesafiri kwa treni kutoka jiji hili! Sijui ni mtoto gani wa shule ambaye hatasimama kusikiliza akisimuliwa hivyo palepale njia inapoanzia.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916 na kukuta madaraja mengi ya reli yamelipuliwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Walipoitengeneza upya waliiongeza: tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Hata Wabelgiji walipewa sehemu yao bandarini hapa na Kigoma, kwa mkataba wa mwaka 1921 na kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi zipate njia. Mwaka 1963 reli ya Ruvu hadi Mnyusi ikaunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, na tangu hapo mtu wa Moshi akaweza kufika Dar es Salaam bila kubadili aina ya reli.

Kuna na historia ambayo haikuandikwa na wahandisi. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai ujira, na mgomo ule ukapanda reli: Morogoro, Dodoma, Tabora, mji kwa mji, kwa sababu habari zilisafiri na wafanyakazi wenyewe. Reli ilikuwa mdomo wa watu. Vivyo hivyo ndugu walivyoitana kuja mjini. Mtu alishuka stesheni, akatembea mpaka Kariakoo, akamkuta wa kwao, na mwezi ukiisha naye anamwandikia mdogo wake. Nusu ya watu ninaowajua Ilala wana babu aliyeshukia hapa.

Hayo ndiyo yaliyobebwa na jengo lile. Sasa nieleze ninachokitaka, na nitasema kama msafiri, kwa kuwa mipango ya kitaalamu mnayo nyinyi.

Jambo la kwanza ni ule uwanja kati ya stesheni mbili. Ninaomba pawe na njia moja iliyoezekwa, pana, isiyo na ngazi, inayotoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, inapita stesheni ya zamani na kuishia ndani ya ile mpya. Mtu anayekuja na treni ya Moshi akitaka kuendelea Morogoro kwa treni ya umeme asilazimike kutoka barabarani na mzigo wake, mvua ikimnyeshea, akiwakwepa bodaboda. Mwenye kiti cha magurudumu apite hapo bila kubebwa. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia kichwani apite bila kuomba msaada. Njia hiyo ikijengwa, kazi ya kuziunganisha stesheni hizi itakuwa imefika nusu.

Nusu nyingine ni tikiti. Msafiri wa kutoka hapa hadi Kaliua aweze kukata tikiti moja, kwa treni ya umeme mpaka inapofika na kwa reli ya mita moja kutoka hapo kwenda mbele, saa zikiwa zimepangwa ili treni ya pili iisubiri ya kwanza. Leo tunazungumza kama vile hizi ni reli mbili zinazoshindana. Kwa mama yangu ni safari moja. Na dirisha la mtu wa kuuza tikiti libaki, hata mifumo ya simu ikiwa mizuri kiasi gani; wapo wazee wasio na simu janja, na wapo wanaotaka kumuuliza karani macho kwa macho kama treni itasimama Goweko.

Hapa niongeze jambo ambalo wageni huliona haraka kuliko sisi wenyeji. Jiji hili lina reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati, hii ya zamani, ni milimita 1,000. Ya umeme ni milimita 1,435. Na TAZARA, ile iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ni milimita 1,067, na stesheni yake iko mbali na hizi, kule Barabara ya Nyerere. Treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Hilo ni la chuma na halibadiliki kwa barua. Lakini abiria hana upana wa magurudumu. Ubao mmoja mkubwa katika stesheni kuu, kwa Kiswahili kilichonyooka, uonyeshe treni za reli zote tatu, zinaondoka lini na mtu afikeje kule TAZARA. Na matangazo ya sauti yasomwe polepole. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka hana mazoea ya kukisia.

Kisha treni za mjini. Oktoba 2012 ilipoanza ile ya kwenda Ubungo Maziwa, watu waliibatiza jina la waziri wa wakati ule, wakaiita treni ya Mwakyembe, na baadaye ikaja ya Pugu. Nakumbuka furaha ya majirani zangu walioipanda: unaingia Buguruni, foleni iko pale barabarani imesimama, na wewe unapita. Treni ile ilitumia reli iliyokuwepo tayari, stesheni iliyokuwepo tayari, katika jiji ambalo kila mwaka linazidi kupanuka kuelekea Pugu, Chanika na Kisarawe. Stesheni ya zamani ikibaki na kazi moja tu duniani, iwe hii: kuwaingiza wafanyakazi mjini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni, kwa treni nyingi zaidi, hata usiku kwa ajili ya wauguzi na walinzi. Jengo lenye abiria maelfu kila siku halihitaji mtu wa kulitetea kwa barua.

Na chumba cha kulala wanaosubiri. Hili nalisema nikiikumbuka ile sakafu ya mwaka 1986. Treni za masafa marefu huweza kufika saa yoyote. Safari ya reli hadi Kigoma huchukua zaidi ya siku moja, na mafuriko ya bonde la Kilosa hadi Gulwe yamekwisha kuikata zaidi ya mara moja, ikiwemo mwanzoni mwa 2010. Abiria anayeshuka saa nane usiku na watoto apate ukumbi wenye taa, mlinzi, maji ya kunywa, choo safi, mahali pa kuswalia na pa kumbadilishia mtoto nepi, bila kuulizwa ana tikiti ya daraja gani. Mizigo nayo iwe na mahali pa kuhifadhiwa kwa stakabadhi. Treni ya umeme ni ya mtu mwenye begi. Ya mita moja ni ya mtu mwenye gunia la karanga, dumu la mawese, ndoo ya asali ya Tabora, tenga la kuku. Biashara hiyo ndogondogo ndiyo inayosomesha watoto huko bara, na wapagazi wetu wa leo, mahamali, wanastahili sare, kivuli na toroli nzuri.

La mwisho ni zito, na nimelibakiza hadi hapa kwa sababu hiyo.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ilirudi nyuma mlimani bila breki, pale Igandu mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wengi wao waliagana na ndugu zao jukwaani katika stesheni hii hii. Baba alikuwa amestaafu wakati ule. Alisikiliza redio siku nzima bila kula, akitaja kilomita ile kwa namba, na jioni akasema tu, "Njia ile naijua." Ninaomba ukuta mmoja wa stesheni ya zamani uandikwe majina yao, yote, kwa herufi zinazosomeka. Kila tarehe 24 Juni treni ya asubuhi ipige honi kabla ya kuondoka. Ukuta wa pili uwe wa watu wa genge, madereva, magadi wa treni na mastesheni masta waliofia kazini. Katika chumba kimoja pembeni ziwekwe ramani za zamani, taa za ishara, sare, tikiti za kadibodi, na sauti za wastaafu wakisimulia. Wengi wamekwisha kutangulia, baba yangu akiwa mmojawapo. Waliobaki wana miaka themanini na zaidi, kwa hiyo msisubiri bajeti ijayo. Mtumeni kijana mmoja na kinasa sauti Morogoro kwenye karakana, Tabora na Kigoma, aanze mwezi huu.

Mama anarudi tena baada ya mavuno, safari hii na wajukuu wawili ambao hawajawahi kuiona bahari. Nimemwambia aje kwa reli ya mita moja toka kwao mpaka hapa, ili watoto waione nchi kwa mwendo wa kuitazama, na warudi Dodoma kwa ile ya umeme. Nitawasubiri jukwaani, stesheni ya zamani. Majibu yenu si lazima yaje kwangu. Yabandikeni pale ukutani, karibu na ratiba, kila abiria ayasome.

Ni mimi,
Mtoto wa mtu wa genge, mkazi wa Ilala